Mgongo wa Redio ya Msabaha

Habari yenyewe ilikuwa fupi kama kidole gumba, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la sabuni. Ausi, ambaye benchi zima humwita Gazeti kwa kuwa ndiye pekee mwenye miwani ya kusomea, aliisoma kwa sauti ya hotuba huku ameikunja miguu juu ya benchi la Kitwana muuza kahawa. Huko Dar es Salaam, alisoma, idara moja imepata mashine ya kupiga hesabu za mishahara, kubwa kama makabati matatu ya nguo, na mashine hiyo imegoma. Inafanya kazi nusu saa, kisha inazimika yenyewe, na hakuna ajuaye kwa nini. Ameitwa mtaalamu kutoka Ulaya. Wafanyakazi wanaombwa wawe wavumilivu.

"Wavumilivu," akarudia Msabaha. "Neno hilo wanalo ghala zima. Ndilo peke yake tunalopewa bila foleni."

Msabaha alikuwa mpaka chokaa wa nyumba za watu, mjane wa mwaka wa pili, shule aliyosoma ni darasa moja na nusu. Pale benchi jina lake lilikuwa Mzee Lawama, na hakulikataa, maana alilifanyia kazi. Mvua ikichelewa, kosa ni la wakubwa. Ikinyesha, aliuliza nani kairuhusu inyeshe chokaa yake haijakauka. Mkewe Mwanaasha alipofariki alilaumu zahanati, akalaumu barabara, akalaumu dawa, na lawama zote zilipokwisha mzunguko zikatua kwa mkwewe, kijana wa afya huko Pangani, kwa sababu miongoni mwa watu wote wa serikali huyo ndiye aliyekuwa rahisi kufikika. Alimwambia siku ya arobaini, mbele ya mikeka na watu: nyinyi ndio mliomuua. Binti yake wa pekee, Sihaba, akabeba kikapu chake akamfuata mumewe. Barua zake tatu zilikuja zimegongwa mhuri wa ofisi ya mume, na Msabaha akazirudisha posta bila kuzifungua, akisema yeye hapokei nyaraka.

Sasa akasogea karibu na Ausi. "Soma tena pale. Inazimika baada ya nusu saa?"

"Nusu saa."

"Basi na yangu ni ugonjwa huo huo. Tena mimi najua nani anaizima."

Ikabidi aeleze, na alieleza kwa shida, kwa sababu lilikuwa jambo la moyoni na yeye hakuzoea kuliweka la moyoni mezani. Wiki mbili nyuma, Mwajabu muuza mikeka alikuwa amefika kutoka Pangani na ujumbe. Sihaba amepeleka kadi kwenye kipindi cha salamu, kile cha Jumamosi saa kumi na robo, baada ya taarifa ya habari. Kadi ina neno lake. Mwajabu hakujua neno gani. Alichoambiwa afikishe ni hiki: barua baba anazirudisha, redio na airudishe tumwone.

Jumamosi ya kwanza Msabaha aliiwasha redio yake, iliyokuwa kimya tangu Mwanaasha afariki, akakaa mbele yake tangu saa tisa na nusu. Ilipofika saa kumi na dakika chache, mkubwa mmoja anahutubia habari ya kilimo, redio ikakata. Jumamosi ya pili ikakata vile vile, safari hii mkubwa anafungua daraja. Kadi haikuwa imesomwa bado, hilo alikuwa na hakika nalo, maana ingesomwa Bagamoyo nzima ingekuja kumwamkia. Lakini itasomwa. Na yeye hakutaka kuja kuambiwa. Alitaka kuisikia.

"Wananizimia," akamaliza.

"Wewe?" Kitwana akauliza, dele la kahawa limesimama hewani. "Waache shughuli zao Dar, wakuzimie wewe mpaka chokaa?"

"Mimi na wenye fikra kama zangu."

"Nani mwingine mwenye fikra kama zako?"

Msabaha akafikiri. "Walikwisha kuzimiwa."

Kitwana akammiminia kikombe kingine, akasema hilo la mkubwa kuhutubia lisimtie hofu. Redio ile saa yoyote ukiiwasha kuna mkubwa anahutubia. Ikifa asubuhi imefia kwa mkubwa, ikifa jioni imefia kwa mkubwa. Ausi naye akataka kujua ni waya gani huo unaotoka Dar ukapita nyumba zote za Bagamoyo bila kuzigusa, ukaingia kwa Msabaha peke yake. Kisha akasema la maana, kwamba Jumamosi aende tu akasikilize redio ya ofisi ya tawi la chama, ni kubwa na haizimiki.

"Salamu za mwanangu nikazisikilizie kwa katibu? Akiwa kakaa pale na kalamu?"

"Anaandika nini?"

"Ndiyo nakuuliza."

Wa nne pale alikuwa Rehani, fundi baiskeli, jina la benchi Fundi Nusu. Ujana wake alipelekwa Dar kusomea ufundi redio kwa miezi sita, akasoma mitatu, akaoa. Miezi mitatu ile ndiyo iliyokuwa fahari yake yote. Akapangusa grisi mikononi, akasema chombo hakitibiwi kwa hasira. Unabadili kitu kimoja, unaangalia. Ukibadili viwili kwa pamoja kikapona, hujui kipi kilikuwa na ugonjwa.

"Tuna siku sita," akasema. "Jumamosi utamsikia mwanao. Ama sivyo nirudishe ile miezi mitatu."

Jumatatu wakaanza na betri. Redio ya Msabaha ilikuwa kubwa, ya mbao, ya zile zenye taa ndani zinazowaka nyekundu, na ilikula betri la gari. Rehani akamwomba Mwinjuma, dereva wa lori la mananasi la Kiwangwa, awaazime betri lake wakati akila wali. Mwinjuma alikula wali, akala na wa pili, akamaliza na ndizi, na dakika ya thelathini na tano redio ikakata. Si betri. Lori nalo likakataa kuwaka, likasukumwa na benchi zima mpaka njia ya Kiwangwa, na Msabaha aliyekuwa nyuma kabisa aliwalaumu walioleta malori ya namna ile.

Jumanne wakahamisha waya wa juu ya paa, wakaufunga kwenye mnazi. Sauti ikawa safi mpaka wakasikia watu wa nchi wasiyoijua wakizungumza lugha wasiyoijua. Dakika ya thelathini na tatu, kimya. Si waya. Jumatano Rehani akaifungua tumbo. Akatoa nyumba ya nyigu, akatoa mayai mawili ya mjusi, akazigonga zile taa moja moja kwa mpini wa penseli, sikio ameliweka karibu kama tabibu. Hakuna iliyolegea. Akarudisha kila kitu mahali pake, na msumari mmoja mdogo ukabaki mkononi. Aliutia mfukoni bila kusema, lakini Ausi alimwona, na habari ya msumari ikafika sokoni kabla ya adhuhuri.

Alhamisi likamjia wazo, nalo lilikuwa zuri, lazima asifiwe. Akasema: tuitoe redio kwenye nyumba. Ikifa kwengine, ugonjwa uko kwenye redio. Isipokufa, ugonjwa uko kwenye nyumba. Wakaipakia kwenye mkokoteni na betri lake, wakaiweka juu ya meza ya Kitwana. Wakaiwasha alasiri. Dakika thelathini zikapita, watu wameshika vikombe hawanywi. Zikapita arobaini. Ikapita saa nzima. Ilipoadhiniwa magharibi redio bado inaimba, na Kitwana alikuwa ameuza kahawa ya siku mbili.

Mngemwona Msabaha. Alisimama akaikusanya kanzu yake kama mtu aliyeshinda kesi.

"Kumbe nyumba," akasema. "Na nani amepakana na nyumba yangu? Si mjumbe wa nyumba kumi? Ukuta kwa ukuta?"

"Mjumbe hana hata tochi," Kitwana akasema.

"Ndivyo anavyotaka muone."

Rehani alijikuna kichwa. Hakuamini kuwa mjumbe ni mchawi wala fundi, ila hesabu ilikuwa hesabu: kwa Kitwana inapona, kwa Msabaha inakufa. Kitwana akatoa shauri ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelichukua, kwamba basi Jumamosi redio iwekwe pale pale mezani, Msabaha asikilize, yaishe. Msabaha akakataa katakata. Ana nyumba yake. Akiihama hata kwa saa moja, atakuwa amewapa ushindi. Jumamosi atasikiliza sebuleni kwake, nao waje wawe mashahidi, washuhudie kwa macho yao mtu anavyozimiwa.

"Na kadi ikisomwa redio imezimika?" Ausi akauliza.

Hapo Msabaha akageuza kikombe kitupu. "Basi mtanieleza nyinyi," akasema, na sauti ilitoka ndogo, hata Kitwana akajifanya anapuliza makaa.

Jumamosi saa tisa na nusu wote walikuwa sebuleni. Rehani alikuja na bisibisi, Ausi na saa ya mkononi, Kitwana na dele lake na vikombe, kwa kuwa biashara ni biashara. Msabaha aliwakalisha kwenye mkeka, akaiweka redio juu ya meza, kisha akaivalisha.

Maana redio ile ilikuwa na kanzu. Mwanaasha aliishona mwaka ule walipoinunua, kuikinga na vumbi la chokaa na hewa ya chumvi: kaki nje, blanketi ndani, kidirisha cha namba, kidirisha cha sauti, na nyuma vifungo sita vyeupe. Kuipeleka kwa Kitwana Msabaha aliivua kwa juu, kama mtoto anavyovuliwa shati, isije ikaingia moshi wa makaa. Rehani naye kila alipokuja alikuta imekwisha kuvuliwa, au aliivua mwenyewe akafanya kazi yake, na wakati wa kuijaribu Msabaha akaivika tena. Hakuna aliyeona ajabu. Nyumba yenye adabu chombo hakikai uchi.

Aliiwasha mapema, ipate moto vizuri. Wakakaa kama watu wa hitimani. Saa kumi kasoro kumi Bimdogo akabisha hodi na sinia la maandazi. Huyu ni mdogo wake Mwanaasha, mwenye ulimi ambao hata Msabaha huuheshimu. Wakaamkiana, akauliza mgonjwa nani. Rehani akamweleza tangu betri la Mwinjuma mpaka mjumbe. Bimdogo alisikiliza sinia liko mkononi. Kisha akazunguka nyuma ya meza, akaweka kiganja juu ya kanzu ya redio, akakiondoa upesi akakipuliza.

"Shemeji, hii mnaichemsha?"

"Inapata moto ili isikate," Msabaha akasema.

"Na vifungo mbona hamjafungua?"

"Vifungo gani? Si pambo vile?"

Bimdogo aliwatazama wanaume wanne, mmoja baada ya mmoja, kama anayetafuta yupi wa kuanza naye. Akaweka sinia chini. Akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita, akaikunja ile nguo kuelekea juu mpaka mabegani mwa redio, na mgongo wake ukaonekana: ubao wenye matundu matundu, na joto likatoka kama mtu kafungua chungu. Dada yake, akasema, alifanya hivyo kila siku kabla ya kuiwasha, na kila siku ikipoa akaifunga. Redio inahema kwa nyuma. Mtu akizibwa pua na blanketi nusu saa, naye si atakata?

Rehani alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Wiki nzima amepekua ndani, amepanda juu ya paa, amepanda mnazi, na nguo iliyomkaa mbele ya macho hakuiona. Sauti ikatoka katikati ya vidole.

"Hiyo labda wenzangu walifundishwa mwezi wa nne."

Kitwana ndiye aliyeanza kucheka, kahawa ikamtoka puani. Ausi akasema kwa sauti yake ya kusomea kwamba serikali inamtaka radhi Bwana Msabaha, imechunguza ikakuta aliyemzimia ni blanketi. Msabaha mwenyewe alicheka, akajitahidi, lakini hakuwa mtu wa kuachia lawama ianguke chini hivi hivi bila kumpata mwenyewe.

"Sasa miaka kumi na moja mbona hakuniambia?"

"Akuambie vipi, shemeji? Wewe ulikuwa umekaa mbele." Bimdogo hakuwa anacheka. "Ulikuwa ukisema, we mama, washa redio. Inawashwa. Ulikuwa ukisema, zima. Inazimwa. Umewahi kupita huku nyuma hata siku moja?"

Taarifa ya habari ilikuwa imeanza, mkubwa mmoja anazungumzia korosho, na redio inaendelea tu, haina habari.

"Na dada mwenyewe alianza kuanguka tangu Rajabu," Bimdogo akasema, sasa polepole. "Jikoni pale. Shaabani akaanguka mbele yako, ukasema ni saumu ya sunna. Yule kijana unayemtukana alimwandikia cheti cha kwenda Dar, mara ya kwanza, akaandika cha pili. Dada alivificha chini ya mto, kwa sababu ulikwisha kusema mkeo haendi kufia kwenye hospitali za hao. Mimi nilivikuta wakati wa kumwosha. Nimekaa navyo mwaka wa pili huu, kwa heshima yako."

Ausi akavua miwani. Kitwana akatazama vikombe vyake. Msabaha alikuwa ameutazama mgongo wa redio, matundu yale, na zile taa nyekundu zinavyoonekana kwa ndani zikiwaka, kitu alichokuwa nacho nyumbani tangu nywele zake nyeusi na leo ndiyo anakiona. Alifungua mdomo. Katika maisha yake yote pale palikuwa mahali pa jina la mtu fulani, mkubwa fulani, idara fulani. Hakutoka hata mmoja.

Saa kumi na robo kipindi cha salamu kikaanza. Zikasomwa za Morogoro, zikasomwa za Kilwa, askari mmoja anawasalimu askari wenzake kumi na wanane kwa majina. Rehani amenyoosha kidole kwa redio kama anayemshikilia punda asikimbie. Kadi ya saba mtangazaji akasema kuwa Sihaba binti Msabaha, wa Pangani, anamsalimu mama yake mdogo Bimdogo, anamsalimu Mzee Kitwana wa kahawa, Bwana Ausi na fundi Rehani, na zaidi ya wote baba yake mzazi, Mzee Msabaha wa Bagamoyo.

"Ujumbe wake anasema: baba, umepata mjukuu wa kike, tumemwita Mwanaasha. Mume wangu anakuja Jumatatu na gari akuchukue uje umwone. Tafadhali mpokee."

Halafu mtangazaji akaenda zake kwa mtu wa Dodoma.

Nyumba ililipuka. Rehani alimkumbatia Ausi, Kitwana akagawa kahawa ya bure, jambo lisilowahi kuonekana tangu dele lile litoke kwa mfua shaba. Bimdogo alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Msabaha alikaa kwenye kiti, akasimama, akakaa. Akasema Jumatatu ni keshokutwa. Akasema kanzu ifuliwe. Akasema mkwe akifika apikiwe kuku, na yeye mwenyewe atatoka nje kumpokea, atampa mkono mbele ya mjumbe na kila mtu aone.

Aliyeiharibu furaha ni Ausi, na aliiharibu kwa kuwaza tu.

"Lakini Jumatatu ipi?"

"Jumatatu. Zipo ngapi?"

"Kadi zile zinakwenda kwa posta, zinapangwa foleni. Mimi kadi yangu ya Idi ilisomwa Mfungo Tano, miezi baadaye. Mwajabu alikuletea habari lini? Wiki tatu. Basi wakati huo kadi ilikwisha kupelekwa. Jumatatu anayosema Sihaba huenda imepita zamani."

Wakaanza kuhesabu kwa vidole. Na Kitwana, ambaye benchi lake linatazama njia yote ya kwa Msabaha, akasema sasa hivi amekumbuka. Jumatatu, si hii iliyopita, ile ya kabla yake. Gari la kazi lilisimama nje hapa, limejaa vumbi mpaka vioo. Kijana mmoja wa kaki, uso vumbi tupu asitambulike, akashuka na kifurushi, akabisha hodi muda mrefu.

"Yule alikuwa wa michango," Msabaha akasema.

"Ulimwona?"

"Niliona gari. Kwa upenyo wa dirisha."

"Ukamwambia nini?"

Msabaha alijikohoza. "Sikufungua mlango. Niliigeuza sauti, nikamjibu kwa ndani kwamba Msabaha hakai hapa siku hizi, amehamia Mbegani."

"Naye akasema nini?"

"Akasema shikamoo."

Hakuna aliyecheka. Bimdogo akaushika tena upindo wa kanga.

Msabaha aliingia chumbani. Wakamsikia anavuta sanduku chini ya kitanda, kitu kinaanguka, anajilaani mwenyewe kwa jina lake na la baba yake. Akatoka amevaa kanzu ile ile isiyofuliwa na kofia upande, mkononi kikapu chenye shuka na sabuni. Akamwuliza Rehani lori la Mwinjuma linaondoka saa ngapi. Linapakia sasa hivi sokoni, Rehani akasema, litamfikisha Kiwangwa. Kutoka kule aombe la kwenda Msata, kisha ashike njia ya Tanga, na keshokutwa Mungu akipenda atakuwa Pangani. Mwinjuma alikuwa bado ana kinyongo cha betri, lakini Kitwana alikwisha kutoka mbio kumzuia.

Bimdogo akamtilia maandazi kwenye kikapu, akayafunika. Akamsindikiza mpaka kizingitini.

"Na ukifika utawaambia nini, shemeji?"

Msabaha alisimama, mguu mmoja ndani, mmoja barabarani. Alitazama nyumba ya mjumbe. Akatazama upande wa ofisi ya tawi.

"Nitawaambia redio ilikuwa mbovu."

Bimdogo akamtazama.

Kule sokoni Mwinjuma akapiga honi, akapiga ya pili. Msabaha akakihamishia kikapu mkono wa pili.

"Haya," akasema. "Nitawaambia redio ilikuwa nzima."